Mkopo Ambao Fundi Hakuuchukua

Jirani yetu fundi cherehani haongei na mtu bila kumnyoosha kola, na sauti yake haipandi hata umuudhi vipi. Benki ilimnyima mkopo wa mashine mpya kwa sababu ripoti yake ya mikopo ilionyesha hajalipa mkopo mdogo wa simu, mkopo ambao hakuwahi kuuchukua. Nikamsindikiza kulalamika kwenye ofisi ya kampuni ya mkopo huo. Karani wa pale akacheka: "Mama, hela ya vocha tu hiyo. Lipa, jina lisafishike." Mimi nilishaingiza mkono mfukoni nimlipie tuondoke zetu. Fundi akanizuia. "Acha, mwanangu. Nikilipa wataandika nilikopa nikachelewa. Alewe mwingine, kichwa kiniume mimi?" Akavuta kiti, akakaa mbele ya foleni nzima.

"Utakaa hapo mpaka lini, mama?"

"Mpaka jina lirudi kama mama yangu alivyonipa, baba."

Karani akaacha kucheka, akainuka kwenda kumwita bosi.