Mwanakheri na Filta Mbili: ya Mafuta na Kavu

Haya kayasimulia Mwanakheri Machano mwenyewe, Jumatatu iliyopita baada ya sala ya alasiri, na yalianza hivi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Makunduchi. Mwanakheri ameinamia injini ya pikapu yake, kitambaa cheupe kimeviringwa kidoleni. Anakipitisha ndani ya bomba la hewa, nyuma ya filta. Anakitoa, anakitazama kwenye mwanga, kisha anakinusa.

"Safi," anasema. "Hakina vumbi, hakina mafuta."

Nyuma ya gari yapo magunia ishirini na mbili ya mwani mkavu, na wanawake kumi na moja walioulima wamesimama wakimtazama. Mzigo ukifika ghalani mjini kabla ya adhuhuri, kazi inabaki kwa Mwanakheri. Usipofika, wanampa mwenye lori, mtu aitwaye Nahodha.

Mwanakheri ni mama wa miaka arobaini na mmoja, ana watoto wanne. Huu ni mwaka wa tatu anabeba mwani wa kikundi hiki, safari nne kila bamvua, siku za maji makubwa yanayokupwa mbali na mwani kuvunwa, na kila safari humbakishia kama shilingi elfu thelathini baada ya petroli. Siku nyingine hubeba nazi na kuni za watu. Lakini mwani ndiyo kazi pekee aliyo na hakika nayo.

Adui wake ni vumbi. Njia za kushukia pwani ni za mawe meupe, na vumbi lake laini kama unga wa ngano. Gari nalo huvuta pumzi kama mtu, na filta ya hewa ndiyo pua yake. Filta za karatasi alikuwa akizitupa kila baada ya wiki chache. Basi mwaka huu akenda Darajani, duka la spea la Anwar, akanunua ya kuosha na kurudisha. Ilikuwa ya pamba, inayoloweshwa mafuta mepesi maalumu ili vumbi linase. Akapewa na kichupa kimoja cha mafuta hayo.

Kichupa kikaisha, na kwa Anwar kingine hakijaja. Mwanakheri akaingia jikoni.

"Nikajiambia, mafuta ni mafuta," anasema. "Nikachukua ya nazi, nimeyapika mwenyewe. Nikapaka mpaka yakachuruzika."

Siku mbili gari lilinukia kama jiko la harusi. Asubuhi za kipupwe mafuta yakiganda, na gari likikohoa. Jua likipanda yakiyeyuka, injini ikiyavuta. Siku ya tatu likazimika Kitogani, mzigo nyuma. Alipofika mjini ghala lishafungwa. Mwani ukalala nje, ukanywa umande, na asubuhi ukakataliwa.

Bi Thuwaiba, mkubwa wa kikundi, hakugomba. Alimwambia tu kwamba watamngoja mpaka bamvua lijalo, na kwamba safari hiyo atapanda yeye mwenyewe mbele.

Fundi Borafya alipofungua injini alikuta kile kijidude kinachopima hewa kimepakaa mafuta. Akamuuliza kama pilau limeshaiva au bado wanangoja wageni. Alipomaliza kusafisha akaweka filta mbili mezani: ile ya mafuta, na kichupa chake halisi, na nyingine kavu, ya kitambaa kizito, ambayo huoshwa kwa maji na sabuni basi.

Mwanakheri akauliza ipi bora. Borafya akasema zote huzuia vumbi zikitunzwa. Ya mafuta inataka mafuta yake yenyewe na mkono mwepesi. Kavu inataka subira, maana ukiirudisha na maji unaiharibia injini.

Jibu halikumtosha. Akaomba zote mbili, atumie kila moja wiki moja, na akakata shuka kuukuu apate vitambaa vyeupe. Wiki ya mafuta, kitambaa kilitoka bila vumbi ila na doa jekundu, rangi ya yale mafuta ya kichupa. Mafuta yalikuwa ndiyo yenyewe, lakini katia mengi. Wiki ya kavu, kilitoka cheupe vile vile.

"Hapo nikajua kosa si la filta, ni mkono wangu," anasema. "Mimi nikitia mafuta natia. Nshazoea, mgeni asione chakula kikavu."

Hata kavu nusura imshinde. Aliiosha akaianika juani kama nguo. Bi Thuwaiba alikuwa akipita, na ingawa hakuwa akisema naye sana, hili hakuweza kulinyamazia.

"Unaiunguza, mwanangu. Weka kivulini penye upepo, uwe unaigeuza. Kitu hakikaushwi kwa hasira."

Sasa, asubuhi ile ya magunia ishirini na mbili, wanaondoka na filta kavu. Bi Thuwaiba amekaa mbele, sikio limeelekea injini. Wakipita Kitogani anashika mlango. Gari halikohoi. Saa tano kasorobo magunia yanapimwa ghalani, na yote yanapokelewa.

Mwanakheri anataka sasa kununua filta kavu ya pili, moja ikauke kivulini wakati nyingine iko kazini. Anasema hata akichelewa kupata fedha, hataingia tena jikoni.

Wakati wa kurudi Bi Thuwaiba hakusikiliza injini. Walipofika Tunguu kichwa chake kilishaegemea dirisha, mdomo wazi. Walifika Makunduchi bado amelala. Mwanakheri akazima gari bila kumwamsha, akalegeza ushungi, akaegemeza kichwa kitini, na usingizi ukamchukua na yeye.