Nilivyotolewa Kwenye Kundi la Kisukari

Nilipoanza kujichoma insulini, nyumbani kwetu Tumati hakuna aliyenielewa. Wakwe walisema nimejitakia, majirani wakasema nimerogwa. Walionifaa ni watu ambao sikuwahi kuwaona: kundi la simu la wenye kisukari, wengi wetu wa Mbulu na Hanang. Mwenzangu mmoja wa Masakta alinifundisha kutunza dawa ndani ya chungu kilichowekwa kwenye mchanga wenye maji, maana friji hatuna. Kila asubuhi nilipanda hadi ukingo wa shamba la vitunguu saumu, mtandao unaposhika, nikatuma namba za kipimo changu. Mtu akiona zimepanda, ananiuliza, "Jana ulikula nini, mama?"

Kisha akaingia mtu aliyejiita daktari. Aliuza unga wa mizizi, na alisema ukiunywa unatupa sindano. Mwenye kundi hakumkataza, kwa kuwa alikuwa shemeji yake.

Mfugaji mmoja wa Getanuwas, mzee aliyetuchekesha sana kwa sauti alizorekodi, aliununua. Siku ya tatu akatuma picha ya kipimo chake. Badala ya namba, zilionekana herufi mbili: HI.

"Leo mashine inanisalimia," alisema, akicheka huku anahema.

Watu wakatuma vicheko. Mimi sikucheka. Nesi wa kliniki alikuwa amenieleza kwamba herufi zile maana yake sukari imepanda hadi kipimo hakiwezi tena kuisoma. Nikampigia mzee. Akapokea mke wake.

"Shikamoo, mama. Mzee anatapika?"

"Marahaba. Tangu alfajiri. Na maji anakunywa hayamtoshi. Lakini daktari wa kwenye simu anasema ni sumu inatoka."

"Mama, hakuna sumu inayotoka. Mpeleke hospitali sasa hivi. Waambie ameacha insulini."

"Wanaume wote wako malishoni."

"Basi ita pikipiki wewe mwenyewe. Mweke katikati, umshike."

Alimshika hivyo mpaka hospitali. Mzee alilazwa, akawekewa maji na insulini, na siku mbili hakumtambua hata mke wake. Ya tatu akaomba uji.

Mimi sikungoja apone. Siku ileile niliandika kundini: "Huyu siyo daktari. Msiache sindano. Mzee wetu amelazwa kwa sababu yake." Kabla sijateremka kutoka pale ukingoni, nilikuwa nimeondolewa.

Jioni, nikiwa shambani na mume wangu, muuzaji akanipigia. "Mama, unaniharibia kazi."

"Ndiyo, naiharibu."

"Unajua mimi ni nani?"

"Ningekuwa sijui, ningenyamaza."

Mume wangu alisikia yote. "Acha," alisema. "Wewe ni mkulima wa vitunguu. Atakushtaki."

"Anishtaki. Nitakwenda na daftari langu la vipimo, na yeye aje na cheti chake."

Namba za wenzangu nilikuwa nazo. Niliwapigia mmoja mmoja, nikafungua kundi jingine, nikamwomba nesi aingie. Wengine walinikatia simu. Wapo walioendelea kunywa ule unga, na mmoja wao sikumpata tena. Hilo linaniuma mpaka leo. Lakini wengi walikuja, na mzee wa Getanuwas alikuja na mke wake, maana alisema mkewe ndiye anayejua kusoma kipimo.

Miezi michache baadaye kulikuwa na ubatizo kwa wakwe. Chakula kilipoletwa nilitoa sindano, nikapandisha blauzi kidogo, nikajichoma tumboni palepale mezani. Shemeji yangu mkubwa akaweka kijiko chini.

"Mambo hayo yanafanyiwa nje," alisema.

"Samahani, shemeji," nilimwambia. "Mimi chakula changu kiko hapa. Anayeona vibaya ndiye atoke."

Hakutoka. Nikavuta sahani, nikala.