Vidole Vitatu vya Mama Micheline

Saa moja asubuhi, lori la kwanza linapanda mizani, na vumbi jekundu linaingia kibandani kabla ya karatasi za dereva. Micheline Mbuyu anaweka vidole viwili kwenye kioo cha kompyuta, kisha anavitanua taratibu. Tarakimu zinakua hadi anazisoma bila miwani: kilo 32,480.

"Hii njo napenda zaidi," anasema akicheka. "Macho yangu inapumuzika."

Ana miaka hamsini na moja, ni mjane mwenye watoto wanne, na kwa miaka kumi na tisa amepima mawe ya shaba na kobalti katika ghala moja karibu na mgodi wa Mashamba, nje kidogo ya mji wa Kolwezi, kusini mwa Kongo. Malori hamsini hupita mbele yake kila siku. Madereva wanamheshimu, na wengine wanamwogopa, maana jicho lake halihongeki.

Machi mwaka huu mizani ya zamani iling'olewa. Ikaja mpya yenye kompyuta isiyo na kibodi wala kipanya, ya kugusa tu. Hapo mama wa watu akakiona cha mtema kuni.

Mwanzoni alikandamiza kioo kama anayegonga mhuri, akashikilia, na kila mara ikafunguka orodha ya maneno asiyoyaomba. Hilo alilimaliza kwa siku mbili: gusa, ondoa. Balaa lilikuwa jingine. Kila baada ya malori machache kazi yote ilitoweka, ikabaki picha ya maua. Alianza kupima upya, foleni ikafika barabarani, honi zikalia.

"Mi niliwaza ile mashini inanikataa," anakumbuka. "Nilikuwa naenda kulia ku choo, batu basinione."

Dereva mmoja akamtania kwamba mzoea punda hapandi farasi. Alicheka naye, lakini neno lilimchoma. Mkuu wa ghala, Kalumba, ambaye wote humwita tata, yaani baba, alikuwa amekwisha kusema: Ijumaa angemjaribu kwa malori ishirini. Likipotea hata moja, Micheline angehamishiwa getini, na kiti chake kingekaliwa na mwingine.

Jumatano, Rachelle Kankolongo, fundi wa kompyuta wa ghala hilo, aliketi nyuma yake kumtazama akifanya kazi. Lori la nne lilipotimua vumbi, Micheline alinyoosha mkono, akapangusa kioo kutoka juu hadi chini. Kazi ikatoweka.

"Mama, pangusa tena vile ulipangusa," Rachelle akamwambia.

"Nimepangusa tu vumbi!"

"Na bidole ngapi?"

Vitatu. Mizani ya zamani ilikuwa na kidirisha chembamba cha tarakimu, na vidole vitatu tu ndivyo vilivyoenea. Kwa miaka kumi na tisa mkono wake ulikipangusa hivyo, mara mia kwa siku, bila hata kumwuliza mwenyewe. Kumbe kwa kompyuta hii, vidole vitatu vikishuka ni amri: ficha kila kitu.

"Basi bitu haipotee?" Micheline akauliza.

"Hapana, mama. Biko tu. Pandisha bidole tatu."

Akapandisha. Lori la nne likarudi, na kilo zake zote. Micheline alimkumbatia Rachelle mpaka miwani ya fundi ikaanguka.

Ijumaa, tata Kalumba alisimama mlangoni, mikono nyuma. Malori kumi na sita yalipita salama. La kumi na saba liliingia na wingu zima la vumbi, na mazoea yana taabu: mkono ule ule ukapangusa. Kioo kikabaki na maua yake.

"Mama Micheline," akasema Kalumba polepole.

"Ngoja, tata."

Vidole vitatu vikapanda. Lori likarudi. Kalumba alikohoa, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Fanya tena," akasema. "Nione muzuri."

Malori yote ishirini yalitimia, na kiti kikabaki chake. Kabla ya mwisho wa mwaka ghala litafungua mizani mbili katika mji wa Tenke, na Micheline ameomba akawafundishe wanawake watakaoketi pale. Rachelle amemshauri awaambie kwanza kabisa wasipanguse kioo kwa vidole, watumie kitambaa.

Micheline anatikisa kichwa. Nje, lori jingine linapanda mizani.

"Vumbi ya huku haiishe, na mukono haisikie," anasema. "Kitambaa nitabapatia. Lakini kwanza nitabafundisha kurudisha, kusudi mutu asiende kulia ku choo."