Chupa Niliyomimina Katumba

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Mpanda, Afisa Wadudu alinisimamisha mbele ya kasha la neti lililojaa mbu wakubwa ajabu, weusi wa kung'aa.

"Binti, weka mkono."

"Mkuu, si watanimaliza hawa!"

Akacheka. "Angalia mdomo, umepinda kama ndoana. Hauwezi kutoboa ngozi. Wanakula maji matamu ya maua tu."

Nikaingiza mkono nimefumba macho. Hakuna aliyeniuma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Viluwiluwi vya mbu huyo, yaani watoto wake wa majini, hula viluwiluwi vya mbu wengine. Tulivifuga maabara, tukivilisha viluwiluwi vya mbu wa madoadoa, wale wanaouma mchana, kisha tukavipeleka kwenye mapipa ya watu. Kabla ya kumimina, Mkuu alikuwa na sheria yake: chupa yote kwenye sahani nyeupe kwanza, utazame kwa lenzi. "Ukiruka sahani, umeruka kazi," alikuwa akisema, na hakuwa anatania.

Niliiruka mara moja, nilipohamishiwa Katumba. Mvua inakuja, bodaboda wangu anapiga honi. Mkobani nilikuwa na chupa mbili, moja ya viluwiluwi vyetu vya siku moja, nyingine ya chakula chao, viluwiluwi vya mbu wa madoadoa. Vyote vidogo, na karatasi za majina zimelowa. Nikamimina moja kwenye pipa la Mama Nestori, nikapanda pikipiki.

Niliporudi baada ya wiki tatu, nilimkuta Nestori, mtoto wa miaka minne, amelala mkekani anawaka homa. Alishapimwa malaria, hana. Niliposikia hivyo nikakumbuka zile chupa mbili, maana homa ya mbu wa madoadoa, dengi, ni nyingine kabisa. Mama yake akaleta ndoo ya maji ya pipa aliyoifunga chandarua juu. Ndani mbu wanaruka.

"Si ulisema wako hawaumi? Weka mkono, dada."

Majirani walishanizunguka. Nikachungulia. Wadogo, miguu ya madoadoa. Ningeweza kusema wamekuja wenyewe, na Mungu ananiona, maneno yalishafika mdomoni. Niliogopa kina mama wale, niliogopa kufukuzwa kazi, na zaidi ya yote niliogopa mtoto atakufa. Nikaweka mkono. Wakaniuma mbele yao wote.

"Ni mimi, mama. Nilimimina chupa ya chakula. Sikuitazama kwanza kwenye sahani nyeupe."

Jamani, nilisubiri kofi. Akamfunika Nestori kanga, akasema, "Mbebe."

Nikambeba hadi kwenye pikipiki, tukampeleka hospitali mjini. Nilikaa naye siku tano bila kulala vizuri. Akapona. Daktari hakuweza kusema homa ilitoka wapi, na mpaka leo sijui.

Mkuu alinipa barua ya onyo. Pipa lile tulilimwaga, tukalisugua. Toka hapo hadi nastaafu sikumimina chupa bila kuitazama sahanini mara tatu, na nyie vijana mlioshika kazi hii sasa, msinicheke.

Mwaka jana nilikwenda Katumba kuwaaga kina Mama Nestori. Nestori sasa ana ndevu. Nikaomba maji ya kunywa. Akachota pipani, akayamimina kwanza kwenye sahani nyeupe, akainama kuyatazama, polepole. Hakuna aliyecheka. Ndipo akanipa.