Kona ya Ndege Nzito

Ujanani, kabla ya Wazungu wa bunduki, wale mamluki, kuja kuvishika visiwa vyetu, nilisukuma mkokoteni bandarini Mutsamudu. Mwenzangu mmoja, tuliyezoea kufukuzana naye, alikuwa na mkokoteni mwepesi, anakata kona za vichochoro kama panya. Wangu chuma tupu. Nikikata kona naye, unaniburuta hadi ukutani. Kovu la goti ninalo mpaka leo. Nikajifunza: usikate. Uache upande kichochoro cha mlimani, upungue mbio wenyewe, ugeuze pua, ushuke nao. Ukifika chini, mgongo wake uko mbele yako, ukitaka unamgusa.

Shule sikusoma. Chuo cha Kurani nacho nilitoroka, hilo tuliache. Nikaja Moroni, nikapata kupika kwa mamluki mmoja aliyekaa njia ya Itsandra. Alikuwa na kompyuta, kaiunga na televisheni, ndani yake mchezo wa vita, ndege mbili za kuchorwa kwa mistari zinafukuzana. Mchana mmoja baada ya chakula akaniita. Bastola iko kwenye kochi, katikati yetu. Akachukua ndege nyepesi, mimi akanipa nzito.

"Haya, mpishi. Nakutungua kabla kahawa haijachemka."

Alikata kona. Nikamfuata, nikampita kwa mbio, akanitungua kwa nyuma. Mara mbili.

"Unaendesha kama unakoroga mchuzi!"

Mara ya tatu mkono ukafanya wenyewe. Alipokata, nikainua pua, ndege ikapanda, ikaishiwa mbio, nikaigeuza kule juu, nikashuka. Mgongo wake huu hapa. Nikabonyeza.

Kicheko chake kikakatika. Akazima televisheni.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mesye, bwana wangu. Mkokoteni."

"Hiyo ni kona ya rubani wa vita. Nani kakutuma kwangu?"

Niseme kweli, nilijikojolea kidogo. Wiki ile mamluki wenzake walikuwa wamemchukua dobi wa nyumba ya pili kwa maneno madogo kuliko hayo, na mkewe kila siku alikwenda kambini na sahani ya wali, akarudishwa nayo. Nikaeleza bandari, nikaeleza mlima, goti nikamwonyesha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunikazia macho. Akanyanyua simu.

"Lete kahawa," akasema, huku anazungusha namba. "Kisha ukae hapa."

"Ndiyo, mesye."

Nikaingia jikoni, nikapunguza moto wa birika, sijui kwa nini, nikatokea mlango wa nyuma. Sikukimbia; anayekimbia huulizwa. Nikashika barabara natembea, aproni kiunoni, nikaipita Itsandra, na nyumba ile sikurudi tena.