Mlango Nyuma ya Lori

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa pamba, mwanangu, na kila ninapoikumbuka mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Umepata leseni juzi, nimefurahi, na mama yako amekwisha kukuombea. Mimi sina gari la kukupa. Nina asubuhi hiyo tu.

Nilikuwa kijana kama wewe, nimeanza tu kukabidhiwa lori. Aliyenifundisha kazi aliitwa Masunga, na nataka umjue Masunga kabla hujajua yaliyompata, maana ukianza na kosa la mtu, hutamwona mtu mwenyewe. Masunga hakunywa pombe. Hakukimbiza gari. Akikuta ng'ombe barabarani alisimama mpaka mchungaji awavushe wote, kisha akamshukuru mchungaji. Wake za madereva walilala usingizi mzuri wakisikia waume zao wameongozana na Masunga.

Siku hiyo tulipakia pamba Kasoli, malori mawili, lake na langu, tukaingia Bariadi jua limeshazama. Mimi niliegesha kando ya barabara nikazima. Yeye aliingia kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka, ambako malori mengine hulala, akalisogeza lori lake kwa ustadi mpaka likakaribiana na ukuta wa ghala moja kuukuu. Alifanya vile ili wenzake watakaochelewa wapate njia. Ni adabu ile, mwanangu, usiidharau. Ila ilikuwa adabu ya dereva kwa dereva, ikaishia hapo.

Betri yake ilikuwa imechoka. Akizima injini, asubuhi stata haitaitika, na lori lenye shehena ya pamba halisukumwi. Kwa hiyo akaliacha linaunguruma, akafunga milango, akamwomba mlinzi wa getini alitupie jicho, tukaenda kula na kulala gesti. Hakuna aliyeona ajabu. Malori mengi yalilala hivyo, na watu wa jirani walikwisha kuzoea ule mngurumo kama mtu anavyozoea kikohozi cha mzee wa nyumba.

Kulipopambazuka tulirudi uwanjani. Mbele ya lori la Masunga alikuwa amesimama Mzee Shabani, mwenye duka la vitambaa pale pembeni. Alikuwa ametoka msikitini, kofia bado kichwani, na alikuwa akitazama juu, kwenye nafasi nyembamba kati ya lori na ghala.

"Mwangaluka, mzee," Masunga akamsalimu.

Mzee hakuitikia. Hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu huku kwetu hata uliyegombana naye huitikia salamu.

"Gari hili ni lako?"

"Ni langu, mzee."

"Lizime. Nataka kusikia."

Masunga akapanda, akazima. Mwanangu, ukimya ulioshuka pale sijausikia tena mahali pengine. Na ndani ya ukimya huo tukasikia kiganja cha mtu kikipiga bati. Kilipiga polepole, kama mtu aliyechoka anayepiga kwa kuwa hana lingine la kufanya. Kisha sauti ya mwanamke, imekauka mpaka imebaki upepo: "Dereva. Sogeza gari, dereva. Mtoto."

Lile halikuwa ghala tena. Mwenye nyumba alikuwa amelipangisha kwa binti mmoja wa Sapiwi aitwaye Kabula, aliyekuwa akishona nguo mjini, akaishi humo na mwanawe mdogo, Maduhu. Mumewe alikuwa amekwenda mnadani Mwandoya. Simu yake Kabula aliiacha dukani kwa Mzee Shabani ipate chaji. Mlango ulikuwa ule ule wa bati wa zamani za ghala, unaofungukia nje, na ubavu wa lori ulikuwa umeubana kabisa. Dirisha lilikuwa moja, dogo, lenye nondo, juu karibu na paa. Hapo ndipo Mzee Shabani alipoona kitenge kikipungwa, na asisikie neno hata moja kwa sababu ya injini.

Masunga akageuza ufunguo. Stata ikatoa mlio mmoja mkavu, basi. Akageuza tena. Nilimwona uso wake kupitia kioo, na mpaka leo sipendi kumwona mtu akigeuza ufunguo mara mbili.

Nilikimbia kuchukua lori langu. Watu walikuwa wamekuja na sururu wanapiga ukuta, lakini lile lilijengwa kuzuia wezi wa pamba, tofali zake hazikubali upesi. Tukafunga mnyororo, nikavuta, lori la Masunga likasogea. Mlango ukafunguka wenyewe, kwa sababu Kabula alikuwa ameuegemea. Akatoka akiwa amemkumbatia mtoto.

Ukuta wa ndani, chini ya dirisha, ulikuwa mweusi kwa moshi. Maduhu alikuwa amelegea, mwili unawaka, macho yamegeuka. Degedege lilikuwa limemshika usiku, likamwachia, likamshika tena, na mama yake humo ndani na maji ya kumpoza yakiisha. Bodaboda ilikuwa tayari. Kabula alipopanda akamtazama Masunga. Nilidhani atamlaani. Aliuliza tu, kwa ile sauti iliyokwisha:

"Ulikuwa umelala sana, baba?"

"Sikuwemo, mayu, mama yangu," Masunga akasema. "Nililala gesti."

"Hukuwemo." Alilitamka kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni. "Lilikuwa linaunguruma. Mimi nilidhani umo."

Wakaondoka.

Baadaye alisimulia kwamba, laiti angejua hamna mtu ndani ya gari, angepanda juu ya kitanda akaling'oa bati la paa na kutoka kule juu. Lakini gari linalounguruma lina mwenyewe, ndivyo kila mtu anavyojua. Kwa hiyo alitumia usiku wake wote kumwita mtu ambaye hakuwepo.

Maduhu alifariki kabla ya adhuhuri. Daktari alisema neno moja tu, kwamba angefikishwa usiku angekuwa anakunywa uji.

Habari zilipofika uwanjani watu waliokota mawe. Masunga hakukimbia. Alikaa chini kwenye tairi, mikono magotini. Mzee Shabani akasimama mbele yake na kanzu yake nyeupe, mzee asiye na nguvu za kumzuia yeyote, na watu wakasita. Kisha akamgeukia Masunga.

"Uliuliza nani analala hapa?"

"Niliona giza, mzee. Nikajua ni ghala."

"Giza," Mzee Shabani akasema, "ni watu wamelala."

Masunga akainamisha kichwa.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ulikuja kwetu. Ulipewa uwanja, ukapewa chakula, ukapewa kitanda. Hukubisha hodi hata mlango mmoja. Inuka twende polisi, nitakusindikiza mimi."

Wakaenda kwa miguu, wawili, na watu wakapisha.

Mwanangu, nilikaa muda mrefu nikitafuta ubaya katika jambo lile ili nipate wa kumchukia. Nilitafuta ulevi, sikuuona. Nilitafuta kiburi, sikukiona. Nikakuta betri iliyochoka na mtu mwema aliyechoka. Hilo ndilo lililonitisha, na linanitisha bado nikikutazama wewe, kwa sababu na wewe ni mtu mwema.

Sheria ilichukua njia yake. Ilipomwachilia, Masunga alikwenda Sapiwi na wazee wa ukoo wake kuomba radhi, wakiswaga ng'ombe. Nilikuwa nao. Mume wa Kabula aliwasikiliza wazee lakini hakumpa Masunga mkono, na sikumlaumu. Ni Kabula aliyezungumza mwishoni. Alisema, "Ng'ombe warudi nao. Mimi ninaomba kitu kimoja. Popote utakapolala, bisha hodi kwanza. Watu wajue uko wapi."

Masunga alirudi barabarani, na toka siku ile mpaka alipoacha kazi sikuwahi kumwona akilala bila kulizunguka gari lake kwa miguu na kugonga milango ya karibu. "Hodi wenyeji. Naitwa Masunga, lori lile ni langu, nalala humo humo ndani. Je, nimewazibia?" Madereva vijana walimcheka. Wenyeji wengine walimfokea kwa kuwaamsha. Alisema pole, akaendelea na mlango wa pili.

Sasa nisikilize. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujua bila kuuliza. Unapofika penye watu, zima injini. Kama betri ni mbovu, mwambie tajiri mwenye gari anunue nyingine, na akikataa, lala mahali pasipo na nyumba, hata kama ni mbali na chakula. Usitoe moshi wako dirishani kwa mtu, hata dirisha ulione dogo. Usiliache gari likiongea huku mwenyewe hupo, maana unawadanganya wanaokutegemea. Acha kando ya lori nafasi ya mtu kupita amebeba mgonjwa, si nafasi ya paka. Bandika namba yako ya simu kwenye kioo, na simu yenyewe usiizime. Na ukimaliza yote hayo, bisha hodi. Watakucheka. Waache wacheke.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe barabara njema na macho mazima. Kila mji utakaolala uamke ukiwa na watu wake wote, nawe uamke pamoja nao, wakuitikie salamu, wakuage kwa jina lako.