Mama Concilie wa Nyakirungu na Majina Thelathini na Nane

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 katika kijiji cha walima mpunga karibu na Luberizi, kwenye uwanda wa Ruzizi, akiwa mtoto wa tatu wa Rénovat na Uwimana, Wakristo wanyofu waliosema Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni. Alibatizwa kwa jina la Concilie. Alipokuwa na miaka sita surua ilipita nyumba kwa nyumba, na watoto watatu wa Rénovat walilazwa kwenye mkeka mmoja. Wawili walikufa siku moja. Concilie aliamka akaomba uji. Mama yake alimpeleka kanisani kutoa shukrani, na njiani wakirudi mtoto aliuliza: "Mama, juu ya minye tumesema asante. Juu ya Ngendakumana na Délice tunasema nini?" "Tunanyamaza, mwanangu," Uwimana alisema. Katika uzee wake Concilie aliwasimulia wanafunzi wake kwamba hilo lilikuwa somo lake la kwanza la dini, na kwamba alilikataa tangu siku ile.

Mwaka 1984 aliolewa na Gédéon, fundi mwashi, wakahamia Nyakirungu, kusini mwa mji wa Uvira, mahali ambapo milima inakaribia ziwa kiasi kwamba nyumba zimebanwa katikati. Gédéon ndiye aliyejenga kuta za kikanisa cha pale, karibu na mto Kahindura. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, Divine, aliyezaliwa mwaka 1990. Vita ya mwaka 1996 ilimchukua Gédéon, na mjane wake, badala ya kurudi kwa wazazi, aliomba kuwa katekista. Alifundisha kwa miaka ishirini na minne. Wote waliopita mikononi mwake wanakumbuka desturi yake: kabla ya somo alisoma majina ya watoto wote, mmoja mmoja, na yule ambaye hakuitika, Concilie alimfuata nyumbani kwao siku hiyohiyo kujua ana shida gani.

Jumamosi tarehe 17 Aprili 2021, saa tisa alasiri, watu kumi na mmoja walikuwa ndani ya kikanisa wakijiandaa kwa misa ya kesho yake. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu asubuhi, ila Nyakirungu kwenyewe kulikuwa kukavu. Mto ulishuka ghafla na mawe makubwa na miti mizima yenye mizizi yake. Walisikia ngurumo moja ndefu, kisha hawakusikia chochote tena. Kila aliyesalimika ametoa ushuhuda uleule: sauti zote zilikatika, na maji yakasimama. Yalipanda nje hadi kupita vioo vya madirisha, mazito, ya rangi ya udongo, yakiwa na mwanga hafifu ndani yake, nayo hayakuingia. Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya vidole viwili, na vumbi la sakafuni pale halikulowa. Ndani ya maji yale watu walikuwa wakipita. Walipita polepole, wima, kama watu watokao sokoni bila haraka, na kila mmoja aligeuza uso akawatazama waliokuwa ndani. Jeancy, mkuu wa korali, alimwona jirani yake na wanawe wawili. Concilie alikuwa kwenye dirisha la upande wa mlima, na pale alimwona Divine akija. Binti yake alifika mbele ya kioo, akaweka kiganja juu yake, akasema kitu. Midomo ilionekana vizuri; maneno hayakusikika. Mkono wa Concilie ulikuwa tayari juu ya komeo.

"Mama Concilie, ukifungula tunakufa wote," Jeancy alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini.

Hakufungua. Divine alibaki pale kwa muda wa kusali Salamu Maria moja, kisha maji yakamchukua kuelekea ziwani. Mto ulipopungua, alama ya tope ilikuwa juu ya madirisha kwa nje, na ndani viti vilikuwa vimepangwa kama walivyovipanga wenyewe. Nyakirungu ilipoteza watu thelathini na nane. Thelathini na saba walizikwa. Divine hakuonekana.

Habari za muujiza zilienea haraka kuliko habari za misiba. Watu walikuja kutoka Luvungi, wakashuka kutoka Bijombo, wakavuka mpaka kutoka upande wa Burundi; walishika ukuta, wakapima kwa mikono urefu wa alama ya tope, wakalia. Korali ilitunga wimbo. Siku ya Pentekoste, tarehe 23 Mei, paroko, Abbé Donatien, aliadhimisha misa ya shukrani mbele ya kikanisa, na baada ya komunyo alimwita Concilie atoe ushuhuda. Alisimama akiwa na kitambaa cheusi cha matanga kichwani. Maneno yake yaliandikwa na karani wa parokia, nasi tunayatoa jinsi yalivyo:

"Minye niliona. Maji ilisimama, siwezi kusema uongo, na hakuna muntu mwenye kusimamisha maji ya vile. Kama ni Mungu aliishika, basi mukono yake ilifika paka hapa kwa ukuta. Divine alikuwa upande ingine ya ukuta, karibu sawa minye na weye, Padri. Mukono yenye ilifika hapa, juu ya nini haikufika pale? Mbele ya kuimba, tumuulize hiyo."

Hakuna aliyeimba siku ile. Wengine walisema amemkufuru Mungu mbele ya Ekaristi. Wengine, hasa wale waliokuwa wamezika, walitazama chini. Kamati ya kanisa ilidai aondolewe, na Abbé Donatien, akihofia mgawanyiko, alimzuia kufundisha kwa mwaka mmoja. Concilie alitii. Hakuomba ahurumiwe, wala hakufuta alilosema. Lakini kuna jambo ambalo hakulisema mbele ya watu wala kwa padri, nalo lilimla ndani kuliko adhabu: habari ya mkono wake juu ya komeo. Alimuuliza Mungu kwa sauti kubwa kwa nini hakumfungulia Divine, na kila alipouliza, swali lilimrudia yeye mwenyewe.

Kwa kuwa alizuiwa kufundisha lakini hakuzuiwa kusali, alikwenda kikanisani kila siku saa tisa alasiri, akakaa mbele ya dirisha la upande wa mlima, akafungua daftari alimokuwa ameandika majina ya waliokufa. Aliyasoma kama alivyowasomea watoto. Siku za mwanzo palikuwa kimya. Kiangazi kilipoingia, mwezi wa Julai, wakati vumbi la barabara lilifunika hata majani ya migomba, alisoma jina la kwanza na kiganja chenye maji kikatokea kwenye kioo, kwa nje. Alisoma la pili. Kikatokea cha pili, kidogo, cha mtoto. Concilie aliogopa, lakini hakuona vyema kukatisha majina katikati, maana hao wengine nao walikuwa na haki ya kuitwa. Alipomaliza, kioo kizima kilikuwa na viganja, na maji yalitiririka kutoka kila kimoja hadi chini ukutani. Alitoka nje akatazama. Ardhi chini ya dirisha ilikuwa kavu, haina unyayo wowote.

Ilikuwa hivyo kila siku. Wanawake waliopita kwenda kuchota maji walibadili njia. Uvumi ulipomfikia Abbé Donatien alikuja mwenyewe, Ijumaa moja, akiwa na stola na maji ya baraka, akakaa kwenye benchi nyuma yake. Aliona yote. Majina yalipokwisha alibaki ameshika stola yake kwa mikono miwili.

"Wanataka nini?" aliuliza.

"Hawaombi kitu, Padri. Wanaitika tu."

Abbé aliinuka, akavihesabu viganja kwa kidole, akavihesabu tena. "Umesoma majina thelathini na saba," alisema. "Imebaki moja."

Concilie alifunga daftari. Hapo ndipo alipoungama habari ya komeo, akitazama kioo na si padri. Kisha akasoma jina la binti yake, bila daftari. Hakikutokea kiganja. Badala yake kioo kiliingia ukungu kutoka nje, mahali padogo, kwenye kimo cha mdomo wa mtu, ukaja na kuondoka kama pumzi. Sauti iliyosikika haikuwa kubwa. Abbé Donatien aliisikia pia, akaiandika kwa mkono wake katika kitabu cha parokia: "Mama, usifungule."

Padri alipiga magoti, akilia kwa furaha. "Umesikia, Mama Concilie? Alikuachilia tangu siku ile. Mungu amemutuma akupe amani."

"Usiseme mbio, Padri," alijibu. "Divine alinihurumia minye, yeye akiwa ndani ya maji. Alituhurumia wote kumi na moja. Yeye nani alimuhurumia?"

Abbé ameandika kwamba aliendelea kupiga magoti kwa sababu hakujua la kufanya akisimama. Concilie ndiye aliyemwinua. "Nitamushukuru Mungu juu ya kumi na moja," alisema, "na nitamuuliza juu ya thelathini na nane. Yote mbili iko sala moja. Kama hataki moja, asichukue na ingine." Jumapili iliyofuata paroko alimrudisha kwenye ukatekista. Tangu alasiri ile viganja havikuonekana tena, ingawa ukuta chini ya dirisha ulibaki na unyevu, masika na kiangazi, nasi hatuna maelezo yake.

Baada ya hapo Mama Concilie aling'oa makomeo yote ya nyumba yake. Kipindupindu kilipozuka mwaka 2023 na watu wakaogopana, milango ya Nyakirungu ikafungwa mchana kweupe. Wa kwake ulibaki wazi, na wagonjwa walilazwa sebuleni, chumbani, hata barazani. Aliwanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akawafulia, akawaita kwa majina kila asubuhi ajue nani bado anaitika. Wengi walipona, na watu wakaanza kusema mikono yake ina nguvu. Hilo lilimkasirisha. Kila mgonjwa aliyetoka mzima, Concilie alimpeleka kwanza kwenye nyumba ya mgonjwa mwenzake aliyekufa, akae na wafiwa, kisha ndipo aende kushukuru. Mwanzoni mwa Septemba aliugua mwenyewe. Alifariki tarehe 9 Septemba 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na miwili. Abbé Donatien, aliyempaka mafuta, alimuuliza kama amekwisha kupatana na Mungu. "Hatujagombana," alisema. "Tungali tunasemezana."

Kanisa bado halijatamka lolote juu yake, nasi hatutangulii hukumu yake. Tunaeleza tu yaliyoandikwa. Saa ileile aliyofariki, msichana wa Luvungi aitwaye Noella, aliyekuwa hana fahamu kwa siku mbili katika chumba cha Mama Concilie, alifumbua macho akasema kwamba mama mmoja mwenye nguo zilizolowa ameita jina lake, naye ameitika. Kamati ya kanisa ilikuja kuandika muujiza huo. Noella aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wameandika na habari ya Patient, mchunga ng'ombe wa Bijombo, aliyelala kwenye mkeka uleule ubavuni mwake na kufa saa ileile. Walimjibu kwamba karatasi ile ni ya muujiza. "Basi sitatia saini," alisema. Walirudi mara tatu. Mara ya nne walikuja na karatasi nyingine.

Kwa hiyo, wapendwa waamini, katika kitabu cha Nyakirungu ajabu ya kwanza ya Mama Concilie ina majina mawili, la aliyepona na la aliyekufa, katika mstari mmoja. Yeyote anayetaka kumwiga, aanzie hapo: anapopokea neema, kabla ya kuimba, aulize ni nani aliyekuwa ubavuni mwake, amwite kwa jina, na aende kwao.